Soli

Bango tuliliandika kwa chokaa ukutani mwa baa:
LEO USIKU, SIDONIE KALENGA, MUZIKI WA SOLI.
Fundi viatu wa jirani akaja na nyundo yake mkononi,
akauliza soli ya kiatu gani,
na nani kaleta fundi mwingine mtaani bila kumwambia.

Huyo fundi yumo kwenye kaseti.
Ukitega sikio, besi ikishaingia,
kuna mtu anagonga meza kwa kitu cha chuma,
nusu pigo nyuma ya ngoma.
Ni yeye. Alikaa mpaka alfajiri.

Mimi natengeneza redio hapa Katuba,
nimeona nyaya nyingi kuliko nyuso.
Usiku ule niliweka kinasa cha betri sita
juu ya kreti, karibu mno na mlango wa choo,
ndiyo maana Lubumbashi nzima inapita ndani ya wimbo:
bawaba, ndoo ya maji, mtu anaomba njia,
na kule mbali treni ya shaba
inalia kwa ufunguo usiokuwa wetu.

Studioni pia walimrekodi, mara moja tu.
Sauti yake waliiosha kama sahani ya wageni,
wakaikausha, wakaifunika kwa kitambaa.
Hakuna kosa humo. Wala hakuna mtu.
Siku ya kwanza kuisikiliza nilingoja chupa ianguke
mahali pake, mwisho wa ubeti wa pili.
Haikuanguka,
nikawa kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo.

Redio ziliwapiga wengine,
wenye viatu virefu na majina mafupi.
Sidonie alikuwa mfupi, mwenye pengo,
aliimba amefumba macho, mkono mmoja
haujaachia mkanda wa mkoba wake,
maana pale kwetu mikoba ina miguu.
Sauti yake haikupanda kama za wanaotaka kuonwa.
Ilishuka. Ilishuka kama mchimbaji na taa yake,
sisi wote huku juu tumeshika kamba.

Dakika ya kumi na moja, umeme unakatika.
Kipaza sauti kinakufa, gitaa linakufa,
mmoja anaitukana kampuni ya umeme pamoja na ukoo wake.
Kinasa changu hakina habari hizo.
Ndipo anaendelea, bila maneno,
mm, mm, pua na kifua tu,
na watu wa Katuba, wasionyamaza hata msibani,
wananyamaza.
"Mutulize bachupa," sauti ya mwanamke inanong'ona.
Kisha hata hiyo haipo.

Miaka ishirini na sita nimeishi kwa mguno ule.
Utepe umekatika mara nne,
nimeuunga kwa rangi ya kucha ya mke wangu,
sasa Sidonie ana kwikwi nne ambazo hakuzaliwa nazo,
nazo nazipenda.

Jumanne iliyopita mwanamke aliingia kibandani kununua waya.
Anauza unga wa mahindi soko la Kenya,
weupe umempanda mpaka kwenye nyusi.
Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda wa mkoba.
Sikuuliza jina. Nilibonyeza tu.

Alisikiliza amesimama. Chupa ilipoanguka, akacheka.
Mlango wa choo ulipolia akasema,
"Huyo ni Banza. Siku ile tumbo halikumpa nafasi."
Ilipofika giza, kwenye mguno wangu,
akajiziba mdomo kwa kiganja:
"Ee, hapo! Hapo nilisahau maneno.
Umeme njo uliniokoa, mungenirushia viti."

Akabishana bei ya waya, akanishinda.
Nikamwuliza kama maneno yale ameyakumbuka sasa.
Akatazama dari, midomo ikatikisika kidogo.
"Hapana," akasema.
"Lakini rudisha nyuma.
Nataka kumsikia yule wa nyundo."